BUNDUKI YA MITUTU MIWILI NI YA KAZI GANI?

Katika Kata ya Njisi, pale Mto Songwe unapotenga nchi yetu na Malawi kabla ya kujimwaga katika Ziwa Nyasa, mkulima wa mpunga halali usingizi wa kushiba. Mchana mto ni wake. Usiku ni wa viboko. Mnyama huyu, ambaye dume lake laweza kupita kilo 1,500, hutoka majini jua likishatua, hufuata njia ile ile aliyoipita jana na juzi, na mpunga ukiwa katika njia hiyo yeye hana habari kwamba ni jasho la mtu. Alichokosa kukila amekikanyaga. Na mwenye shamba akithubutu kusimama kati yake na maji, basi asubuhi habari haitakuwa tena ya mpunga.

Kila yanapotokea mambo ya namna hii, mazungumzo huishia mahali pamoja: laiti tungalikuwa na bunduki ya maana! Na katika baraza hakosi mmoja ambaye amepata kuona picha za wawindaji wa zamani, naye atakuja na maneno ya ile bunduki kubwa ya mitutu miwili, ile ya Wazungu wa tembo, ambayo ati mnyama akiisikia tu huanguka. Tena siku hizi wako hata wananchi wetu wenye nafasi ambao huulizana wao kwa wao ni ipi iliyo bora, ya kampuni gani, na yapatikanaje.

Maneno hayo hatuyacheki. Lakini tumeona inafaa tuishike bunduki yenyewe, tuikunjue, tuchungulie ndani yake, maana watu wengi huitamani bila ya kujua ilitengenezwa kwa shida gani, humtaka mwenyewe awe mtu wa namna gani, na gharama yake humwangukia nani.

Bunduki hii kwa hakika ni bunduki mbili zilizooana. Ina mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu, mitambo miwili, na vifyatuo viwili. Cha mbele kwa kawaida hufyatua mtutu wa kulia, na cha nyuma hufyatua wa kushoto. Hukunjwa katikati kama zile bunduki za marisawa za kupigia ndege. Hapa ndipo ilipo siri yake yote. Mwindaji akipiga risasi ya kwanza, ya pili iko tayari, wala hana haja ya kuondoa mkono, kuvuta komeo, wala kupeleka risasi nyingine mahali pake. Kidole kinahama kidogo tu. Na mtambo mmoja ukivunjika springi yake, mwingine hauna habari. Utalia kama kawaida. Nyati aliyejeruhiwa akitoka katika matete hatua kumi na tano mbele yako, tofauti ya nusu nukta ya saa ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani kwa miguu na kurudishwa kwa machela. Kwa kazi hiyo moja, yaani kumzuia mnyama mkali aliye karibu, haijapatikana bado silaha ya mkononi ya kuwindia inayoishinda. Hilo tunalikubali bila ya ubishi.

Wenzetu wafanyakazi wa karakana watapenda kujua jinsi inavyotengenezwa, maana hapo pana kazi. Mitutu miwili haiwezi kulazwa sambamba tu ikaachwa. Mtutu wa kulia ukilia, bunduki yote huruka juu na kuvutika kulia. Wa kushoto huvuta kushoto. Kwa hiyo mafundi huielekeza midomo ya mitutu ikaribiane kidogo, ili kile kishindo cha kuitupa bunduki nje kisawazishwe, na risasi mbili zifike mahali pamoja katika umbali wa mita hamsini au zaidi kidogo. Hesabu ya kitabuni haitoshi. Fundi hupiga risasi, hutazama matundu, huyeyusha lehemu iliyoshika mitutu, husogeza kabari iliyo katikati kwa kiasi cha unywele, huilehemu tena, huipiga tena. Siku hupita. Mtu wa kazi hiyo mjini London au Birmingham alikuwa akijifunza kwa miaka mingi kabla ya kuaminiwa peke yake, na jina lake halikuandikwa popote juu ya bunduki; lililoandikwa kwa nakshi ya dhahabu ni la mwenye kampuni.

Jambo hili lina matokeo ambayo wanunuzi wengi hawayafikiri. Bunduki iliyosawazishwa kwa risasi ya uzito fulani na baruti ya kiasi fulani huijua risasi hiyo tu. Ukiibadilishia chakula, mtutu mmoja utapiga huku na mwingine kule. Bunduki ya mtutu mmoja huvumilia. Unarekebisha shabaha na mambo yanakwenda. Hii haivumilii.

Sasa tutazame ilikotoka. Katika miaka ya 1870 mwindaji Selous, ambaye jina lake baadaye lilipewa pori letu kubwa la kusini, alikuwa akiwapiga tembo kwa bunduki za kushindilia baruti mdomoni, zenye risasi ya uzito wa robo ratili. Kishindo chake kilimwumiza mpigaji hata yeye mwenyewe baadaye akasema kwamba kilimharibia utulivu wa mkono. Ilipokuja baruti isiyo na moshi mwishoni mwa karne ya 19, mambo yakageuka. Mwaka 1898 kampuni ya Rigby ilitoa risasi ya .450 Nitro Express: ndogo kwa kipenyo, lakini yenye mwendo mkali na nguvu za kupenya mfupa. Hapo ndipo bunduki ya mitutu miwili ya kisasa ilipozaliwa.

Na hapa pana kisa ambacho hatuwezi kukipita. Miaka michache baadaye Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kuingiza bunduki na risasi za kipenyo cha .450 katika Bara Hindi na Sudani. Sababu haikuwa tembo. Sababu ni kwamba bunduki za vita za zamani za Martini-Henry, ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa wenyeji, zilitumia risasi ya kipenyo hicho, na watawala waliogopa kwamba zana za wawindaji zingeishia kuwalisha waasi. Basi makampuni ya London, ili yasipoteze soko, yakabuni vipenyo vingine pembeni yake: .465, .470, .475. Mwindaji wa leo anayejisifu kwamba .470 ndiyo mfalme wa risasi hajui kwamba mfalme wake alizaliwa kwa hofu ya mtawala kumwogopa mtawaliwa.

Kwetu sisi habari ya bunduki na pembe haikuanzia vitabuni. Karonga, iliyo ng'ambo ya Songwe, mwendo usiokuwa mrefu kutoka Njisi, ilikuwa na kituo cha Kampuni ya Maziwa ya Afrika kilichonunua pembe za ndovu. Mwaka 1887 vikazuka vita kati ya kampuni hiyo na mfanyabiashara wa watumwa na pembe, Mlozi, vita vilivyowaunguza zaidi Wangonde ambao hawakuwa na hisa upande wowote. Mwaka 1888 alifika pale kijana wa Kiingereza aliyeitwa Lugard, akajeruhiwa akishambulia boma la Mlozi. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mtawala mkubwa wa Uganda na Nigeria. Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Upande wetu wa mto Wajerumani walikuwa wamekwisha kuweka meli yao ziwani, iliyopewa jina la Hermann von Wissmann; na Wissmann mwenyewe, alipokuwa Gavana, ndiye aliyetoa mwaka 1896 amri ya kwanza ya uwindaji katika nchi hii, iliyomtaka mwindaji wa tembo akate leseni kwa fedha.

Tangu hapo mlango ukawa mwembamba. Waingereza walipokuja waliuacha vivyo hivyo: Mzungu mwenye fedha alikata leseni akaja na bunduki ya mitutu miwili, Mwafrika, alipokubaliwa, alikubaliwa gobore. Babu aliyekuwa fundi wa kuwinda akaamka asubuhi moja akaambiwa kwamba ni jangili. Hatusemi kwamba wanyama hawakuhitaji kulindwa. Walihitaji, tena sana. Tunasema kwamba mizani ilikuwa na jiwe upande mmoja.

Wala katika picha zile hatuoni wote waliokuwapo. Mwindaji tajiri alikuwa na bunduki kubwa mbili, moja mkononi mwake na ya pili mkononi mwa mbeba bunduki. Kazi ya mbeba bunduki ilikuwa ni kusimama. Tembo akija, yeye asikimbie, asipige, ashike silaha iliyojaa risasi na kumngojea bwana wake ageuke kuipokea. Fikiri, ndugu msomaji, ni moyo wa namna gani uliotakiwa, na ni mshahara wa namna gani uliolipwa. Bell, yule Mskoti aliyewaua tembo zaidi ya 1,000, alikuwa na haki japo kidogo: katika habari zake za Karamoja alimtaja kwa jina mfuatiliaji nyayo wake, Pyjalé, na kumsifu. Wengine wengi waliandika "mtu wangu".

Tukimtaja Bell hatuna budi kuendelea kidogo, maana yeye huvuruga hesabu ya wapenzi wa mitutu mikubwa. Tembo wake wengi hakuwaua kwa bunduki ya mitutu miwili, bali kwa bunduki nyepesi ya mtutu mmoja ya Rigby, yenye mtambo wa Mauser na risasi ya milimita 7, ambayo leo sheria za nchi nyingi haziruhusu kumpigia hata nyati. Siri yake ilikuwa kujua ubongo wa tembo ulipo kwa kila upande aliosimama. Kwa upande wa pili alikuwapo Sutherland, aliyewinda kusini mwa nchi yetu wakati wa Wajerumani, naye aliapa kwa .577 ya mitutu miwili ya Westley Richards, bunduki yenye risasi ya gramu 48 hivi. Nani mwenye haki? Wote wawili. Bell aliwapata tembo wake wengi katika nchi ya wazi, wakiwa bado hawajaizoea bunduki. Sutherland alikuwa katika vichaka vya kusini, ambako unasikia tumbo la tembo likinguruma kabla hujamwona. Nchi ndiyo inayochagua bunduki. Anayechagua kwa kusoma orodha ya bei amekwisha kukosea kabla hajaondoka nyumbani.

Basi kwa yule ambaye ana haja ya kweli, ana leseni, na ana fedha halali, tunasema hivi.

Asianze na nakshi. Maua na tembo waliochongwa juu ya chuma huongeza bei, hawazuii nyati. Mitambo ni ya namna mbili: ile ya sanduku, iliyobuniwa na Anson na Deeley mwaka 1875, na ile ya mbavuni, ambayo sahani zake hufunguliwa pembeni. Ya mbavuni ni nzuri kwa macho na husafishika kwa urahisi. Ya sanduku ina vipande vichache, ni imara, na ni rahisi zaidi. Sisi tungalichukua ya sanduku, tukanunua risasi kwa fedha iliyobaki.

Kipenyo kifuate kazi na bega. Bunduki ya .470 hutupa risasi ya gramu 32 kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa nukta ya saa, nayo huwa na uzito wa kilo tano au karibu yake. Uzito huo si hasara. Ndio unaomeza kishindo. Mtu anayetafuta .470 nyepesi anatafuta kuvunjwa bega. Zile za .577 na .600 ni za watu waliozizoea tangu ujana, na .700 iliyotolewa na Holland & Holland mwishoni mwa miaka ya 1980 ni ya kuwekwa sebuleni. Mtu mwenye kiasi ataona kwamba .450/400, iliyo ndogo kuliko zote hizo, humwezesha kupiga vizuri bila ya kufumba macho. Risasi ndogo iliyofika mahali pake ina faida kuliko kubwa iliyopita pembeni.

Aipime mwilini. Afumbe macho, aipandishe bunduki begani kama anayetaka kupiga, kisha afumbue. Kama shabaha ya nyuma na ya mbele zimekutana bila ya yeye kuinamisha shingo, kitako ni chake. Kama sivyo, akirekebishe au aiache. Mbele ya nyati hakuna nafasi ya kutafuta shabaha.

Ikiwa ni ya zamani, na nyingi zinazouzwa ni za zamani, achungulie tundu la kila mtutu kwa mwanga. Risasi za siku zile zilikuwa na fataki zenye chumvi iliyokula chuma. Mwenye bunduki asiyeiosha mitutu kwa maji ya moto jioni ile ile aliikuta ina ndui asubuhi. Aining'inize mitutu kwa kidole aigonge polepole: ikilia kama kengele, lehemu imeshika; ikilia kama chungu chenye ufa, aondoke. Aifunge bunduki na kuitikisa. Ikicheza maungoni, imechoka. Atazame mti wa kitako nyuma ya mtambo, ndipo nyufa zianzapo. Kisha, na hili lisisamehewe hata kama muuzaji ni mjomba wake, aipige shabahani mitutu yote miwili kabla ya kulipa.

Lililo kubwa kuliko yote ni risasi. Kampuni ya Kynoch ya Uingereza, iliyowalisha wawindaji wa Afrika kwa zaidi ya nusu karne, iliacha kutengeneza risasi hizi kubwa katika miaka ya 1960. Bunduki za thamani ya nyumba zikawa fimbo. Wamarekani walikuwa wamekwisha kutoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956, risasi ya kuingia katika bunduki ya kawaida ya komeo, inayokaribia nguvu za .470 kwa sehemu ndogo ya bei. Wawindaji wa kulipwa wa Kenya na Tanganyika wakaihamia, wengine kwa shingo upande. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980 mwishoni na 1990, viwanda vya Marekani na Uingereza vilirudia kuzitengeneza za zamani, na leo zinapatikana. Lakini kila moja huuzwa dola 10 na kuendelea, na haziuzwi Kyela, wala haziuzwi Mbeya. Zaja kwa kibali, kwa ndege, kwa ushuru. Mwenye bunduki ambaye kwa sababu ya bei hapigi shabaha ila siku ya kuwinda si mwindaji. Ni mtu aliyebeba hatari ya wenziwe.

Kuimiliki ni mzigo mwingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni na itunzwe salama, na maombi hupita katika ngazi za usalama kuanzia anakokaa mwombaji, ambako watu wanamjua kama ni mlevi au ni mtu wa heshima. Hilo ni jema. Kyela ina unyevu wa kumwogopesha mtu wa chuma: mvua hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na joto la ufuko halipungui. Bunduki iliyofungiwa katika mfuko wake wa ngozi kwa wiki tatu za masika hutoka ikiwa nyekundu, maana ngozi hunywa maji na kuyatunza. Ikae nje ya mfuko, katika kabati la chuma, imepakwa mafuta kwa uchache, nayo ifutwe kila wiki hata kama haikupigwa. Tena risasi zisiachwe juani katika gari. Baruti ikipata moto msukumo wake mtutuni hupanda, na watengenezaji wa zamani walilijua hilo hata wakapunguza kiasi cha baruti kwa risasi zilizokuja nchi za joto.

Haya ndiyo ya mwenye nafasi. Sasa turudi Njisi, kwa yule mwenye shamba.

Bunduki mpya ya mitutu miwili ya Kijerumani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ile ya Holland & Holland inayoitwa "Royal" bei yake hupita pauni 100,000, yaani mamia ya mamilioni ya shilingi. Kwa upande mwingine, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali, kiwango ambacho kimepandishwa baadaye. Hatuweki namba hizi pamoja ili kumwonea mtu haya. Tunaziweka kwa sababu mwindaji wa kitalu na mkulima wa Songwe hutajwa katika sheria moja ya wanyamapori, na mmoja huja kumtafuta mnyama kwa furaha hali mwingine hutafutwa na mnyama usiku.

Je, bunduki hiyo ingemsaidia mkulima? Sisi tunasema hapana, wala si kwa sababu ya bei peke yake. Kiboko hupigwa majini, ambapo hutoa pua na macho tu. Risasi isiyomfika ubongo humjeruhi, na risasi inayogusa maji kwa mshazari huruka na kwenda kijijini, au kuvuka mto na kuangukia mtu wa Malawi. Akiuawa huzama, akaelea baada ya saa moja au zaidi, na wakati huo mkondo umekwisha kumpeleka. Kupiga bunduki ya .470 ukiwa umesimama katika mtumbwi ni kutafuta kuoga pamoja na mamba. Bunduki hii ilitengenezwa kwa mnyama wa nchi kavu anayekujia uso kwa uso. Mgogoro wetu ni wa mnyama anayekukwepa mchana na kukuzunguka usiku.

Na sheria iko wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 humwachia mtu kumwua mnyama anayemshambulia ili kuokoa nafsi. Lakini ni lazima atoe taarifa, na mnyama yule ni mali ya Serikali, nyama na meno yake. Kijiji kikijipa bunduki na kufanya doria ya kuua, baada ya mwaka mmoja ulinzi utakuwa umegeuka kuwa bucha. Nchi hii imeona mambo hayo kwa kipimo kikubwa: hesabu za mwaka 2009 zilionyesha tembo 109,051 katika Tanzania, za mwaka 2014 zilionyesha 43,330. Bunduki zilizofanya kazi hiyo hazikuwa za kulinda mashamba.

Kuna mfano wa karibu unaofundisha zaidi kuliko picha za wawindaji. Nyuma ya Milima ya Livingstone, huko Njombe, simba walikula watu tangu mwaka 1932 hadi 1947. Idadi inayotajwa, nayo ni makisio, hufika watu 1,500. Miaka yote hiyo bunduki nzuri zilikuwapo Tanganyika. Kilichokosekana ni mtu wa kuzileta na kukaa. Alipopelekwa Njombe Bwana Nyama aliyeitwa Rushby, pamoja na maaskari wake Waafrika waliofahamu nyayo na waliolala vijijini mwezi baada ya mwezi, simba wale walimalizwa. Hawakumalizwa kwa mtutu wa pili.

Idara ya Wanyama ya siku zile iliwapa watu wake bunduki za komeo za .404, silaha zisizo na nakshi, zinazovumilia matope, na zote za kipenyo kimoja ili risasi ziwe za namna moja. Hilo lilikuwa wazo la busara, na la leo lisiwe duni kuliko la jana. Askari wa wanyamapori wa ufuko wa Nyasa apewe bunduki ya .375 au .458, iliyo mpya, pamoja na risasi za kutosha kujizoeza, na pikipiki yenye mafuta. Tukiambiwa kwamba hakuna fedha, tutajibu kwamba bei ya "Royal" moja ingenunua bunduki kama hizo kwa maaskari wa wilaya nyingi, na chenji ikarudi.

Lakini kabla ya bunduki yoyote kuna jembe. Kiboko kwa ukubwa wake wote hapandi ukuta. Handaki la kiasi, au boma la magogo lifikalo magotini lililojengwa barabara kati ya maji na mpunga, humgeuza njia. Kazi hiyo yataka mikono mingi kwa siku chache za kiangazi, na mikono ipo. Mamba naye hamli mtu shambani. Humkamata mama anayeinama kuchota maji na mtoto anayeoga. Kila bomba la maji linalofika katika kitongoji cha mtoni humwondoa mtu mmoja mdomoni mwa mamba kila asubuhi na kila jioni, na pale ambapo bomba halijafika, uzio wa nguzo mtoni mahali pa kuchotea hugharimu miti na misumari. Diwani anayeomba bunduki kabla hajaomba bomba atuambie ni kwa nini.

Yako mambo matatu ambayo Halmashauri ya Kyela yaweza kuyatangaza katika mbao za matangazo za kata, Njisi na nyinginezo za mtoni, bila ya kungoja fedha ya mtu. La kwanza, ni askari wangapi wa wanyamapori wanaohudumia ukanda wa Songwe hadi Matema, na wanapatikana kwa simu ipi usiku. La pili, wana bunduki ngapi zinazolia, na risasi ngapi. La tatu, ni lini mara ya mwisho kila mmoja wao alipopiga shabaha. Mvua kubwa zikikaribia, mito ikianza kufurika na viboko kusogea mashambani, bunduki hizo zitolewe kabatini, kila askari apige risasi tano mbele ya ofisa wa wanyamapori wa wilaya, na matundu ya karatasi yahesabiwe hadharani.